Mahali, Si Mahari

Madam alikuwa akisema kwamba hakuna mtu mtaa mzima wa Kiseke aliyekufa mara nyingi kama yeye. Alikufa kwa sumu, akafa kwa kisu, akafa kwa kifua kikuu, na mara moja alikufa kwa wivu tu, bila ugonjwa wala silaha, katikati ya wimbo mrefu. Na kila alipomaliza kufa aliinuka, akainama mbele ya watu, akafuta rangi usoni, akapanda treni kurudi chumbani kwake kupika uji wa ngano, kwa sababu huko alikokuwa unga wa sembe ulikuwa wa kutafuta kwa tochi.

"Kufa si kazi," alituambia. "Kazi ni kufa huku unaimba, na mtu wa kiti cha mwisho kule juu asikie kila neno."

Hiyo ndiyo opera, kwa ambaye kama mimi hakuwahi kuisikia: mchezo wa kuigiza ambao watu hawaongei, wanaimba tu, hata wakitaka kuomba maji ya kunywa. Madam aliifanya kazi hiyo miaka mingi, Ujerumani na Italia, kisha akarudi Mwanza kufundisha kwaya ya chuo kikuu. Sitaandika alizaliwa lini wala baba yake alikuwa nani. Hayo wanayajua ndugu zake, na mimi si ndugu. Mimi nilikuwa binti wa steshenari iliyo mbele ya geti la chuo, niliyeishia kidato cha nne kwa matokeo ambayo mama aliyasoma akakunja karatasi polepole, akaniuliza kama nimekula. Nilimfahamu Madam kwa miaka, na miaka yote hiyo nilitaka kitu kimoja tu kutoka kwake: aniambie kama nina sauti au sina.

Siku ya kwanza alikuja kutoa nakala za nota. Mashine yetu ilikuwa na tabia ya kutafuna karatasi, kwa hiyo nilikuwa nimeinama naivuta karatasi taratibu, redio iko juu ya rafu, na mimi naifuata bila kujijua.

"Nani anaimba?" akauliza.

Nikaona aibu. "Ni redio. Shikamoo, Madam."

"Marahaba. Redio haipumui vibaya namna hiyo."

Akalipia nakala zake, akazipanga, akaniambia nifike ukumbini kesho kutwa baada ya kufunga duka, kwa sababu safu ya alto ilikuwa na mapengo. Nikamwambia mimi si mwanafunzi wa chuo. Akasema hakuniuliza hilo. Basi, nikaingia kwaya ya chuo kikuu kwa mlango huo, na wenzangu wakanipa jina la Steshenari, ndilo ninaloitwa mpaka leo kwenye kundi letu la WhatsApp.

Alikuwa mrefu, mnene kiasi, na alitembea kama mtu aliyevaa gauni refu hata akiwa amevaa kandambili. Nywele zake alizikata fupi kabisa kwa sababu, alisema, amevaa mawigi ya malkia na ya wachawi mpaka kichwa kimechoka kubeba wageni. Wachawi walikuwa wengi kuliko malkia. Sauti yake ilikuwa ya chini, ile wanayopewa mama wakwe, wapiga ramli na wajakazi wanaojua siri.

"Sauti ya kwanza ndiyo inaolewa," alitueleza. "Sisi wa sauti ya pili tunapeleka barua."

Hapo safu nzima ya soprano ilicheka, na sisi alto tukajikuta tumesimama wima zaidi, kama watu waliokabidhiwa barua kweli.

Somo lake la kwanza, kwa kila mgeni, lilikuwa kulala chini. Ulikuja na kilo yako ya unga kutoka nyumbani, unalala chali kwenye sakafu ya ukumbi, unaweka pakiti tumboni, halafu unaipandisha na kuishusha kwa pumzi. Watu wa chuo waliopita dirishani walidhani tunaombewa. Deo, besi wetu, kijana mkubwa kama kabati aliyekuwa anasomea ualimu, alikuwa na tatizo moja: kila mwezi ukifika katikati pakiti yake ilizidi kuwa nyembamba, mpaka ikawa inamlalia tumboni kama bahasha.

"Deo, unga wako umekwenda wapi?"

"Nimevuta pumzi kwa nguvu, Madam. Umeingia ndani."

Madam hakucheka. Lakini kipindi kilichofuata alikuja na kilo mbili, akampa moja ya kupumulia na moja ya ugali. Kukuchana mbele ya watu na kukulisha pembeni lilikuwa jambo lake la kila siku. Nilijifunza kumsikiliza kwa masikio na kumwangalia mikono, maana mikono ndiyo ilikuwa na huruma.

Na kusifu, jamani, hakujua. Mkiimba vizuri alisema, "Tuendelee." Mkiimba vibaya alisema, "Tuendelee, lakini si huko." Mimi ndiye niliyekuwa king'ang'anizi. Kipindi kimoja nilimvizia mlangoni baada ya mazoezi.

"Madam, samahani, naomba kuuliza. Hivi mimi nina sauti?"

"Una masikio?"

"Ninayo."

"Una kifua?"

"Ninacho."

"Basi usichelewe tena kama leo."

Safari nyingine nikaona nitumie teknolojia. Asubuhi kabla ya kazi nikajirekodi kwenye simu, ubeti mzima, nikamtumia nikiwa na kiherehere cha mtu anayetuma barua ya mapenzi. Alama za bluu zikatokea. Nikasubiri. Jibu likaja saa ya chakula cha mchana: "Jogoo wa jirani yako ameingia kwa wakati. Wewe umechelewa."

Nilisikiliza tena. Kweli jogoo alikuwepo, na kweli aliingia vizuri.

Alikuwa na sheria nyingi, na nyingi alizivunja yeye mwenyewe. Alipiga marufuku soda ya baridi, juisi ya baridi, hata maji ya friji, akasema koo la mwimbaji ni kama mtoto mchanga. Jumapili moja nikamkuta karibu na ziwa, upande wa lile jiwe maarufu ambalo kila mgeni wa Mwanza lazima apigie picha, ana koni ya aisikrimu mkononi, analamba kwa utulivu wote. Hakujificha. Aliniangalia, akalamba tena, akasema, "Mimi kesho siimbi. Wewe unaimba." Alitukataza pia kupiga kelele mitaani, eti tunachana sauti. Lakini ukitaka kujua opera ni kitu gani, ungesimama naye pale barabarani Kiseke siku bodaboda anapompita bila kusimama. Sauti ilitoka, ikavuka barabara, ikagonga mawe ya mlimani, ikarudi. Nilimwona kwa macho yangu bodaboda amekwenda mbali, amegeuza pikipiki, amerudi amevua kofia.

"Shikamoo, mama. Nimekosa nini?"

"Hujakosa. Nataka kwenda sokoni."

Wimbo wetu mkubwa alitutungia mwenyewe, na sehemu yake nzuri kuliko zote ilitokana na wadudu. Alituweka tufanye mazoezi juu ya mawe, nje, ili tujue kuimba bila kuta za kutusaidia. Tukiwa katikati ya ubeti, wale wadudu wadogo wa ziwani wakainuka kutoka majini kama moshi, wingu zima, wakaja moja kwa moja. Mtu wa ziwa akiona wingu hilo anafunga mdomo, hata angekuwa anaapishwa. Kwaya nzima ikafunga. Madam, ambaye alikuwa ametuelekea sisi na ziwa amelipa mgongo, hakuona kitu, akaona midomo tu imefungwa.

"Nani amesema mnyamaze? Endeleeni!"

Tukaendelea hivyo hivyo, kwa puani, midomo imebanwa, mmmm, mmmm, na yeye akafungua mdomo kutugombeza, akameza. Alikohoa mpaka akakaa chini. Alipopata pumzi hakuuliza habari ya wadudu. Alisema, "Hiyo ya puani. Rudieni hiyo." Ikabaki kwenye wimbo. Watu waliosikia walikuwa wanasema pale mahali pa puani panasisimua kama sala. Sisi tulikuwa tunakumbuka wadudu.

Alitupeleka pia Bujora, kwenye makumbusho ya Wasukuma, siku za ngoma, wakati vikundi vinashindana na kila manju anaimba kuvuta watu upande wake. Manju, kwa asiyejua, ndiye mtunzi na mwimbishaji wa ngoma, mtu wa kuheshimiwa na kuogopwa kidogo. Madam alisimama mbele ya manju mmoja mzee, mikono nyuma, kama mwanafunzi, kutwa nzima, kwenye jua. Ngoma ilipopumzika, yule mzee akamwita.

"Mama, hawa watoto wako wanasema na wewe ulikuwa manju huko Ulaya."

"Nilijaribu, mzee wangu."

"Hebu toa kidogo."

Madam akatoa. Sauti moja tu, ndefu, ya chini, bila maneno, na watu waliokuwa wanagombania soda wakageuka. Mzee akatikisa kichwa, akamsifu palepale, kwa Kisukuma na kwa Kiswahili, kisha akauliza, "Sasa ukiimba hivyo, watu wako wanacheza saa ngapi?"

"Hawachezi. Wanakaa kwenye viti."

"Wanakaa?"

"Mpaka mwisho. Na hawaruhusiwi kuongea."

Mzee akafikiri, akamwonea huruma ya kweli. "Wamekosa nini?"

Njia nzima ya kurudi Madam alicheka peke yake. Mimi nilikaa nyuma yake nikiwa na wivu kidogo, si wa kumfanya mtu afe, wivu wa kawaida. Mzee yule hakuwahi kumwona kabla ya siku ile, na tayari alikuwa amemwambia anachokifikiria. Mimi nilikuwa nasubiri tangu sijui lini.

Sasa nifike kwenye ulimi.

Sisi wa Ukerewe, na Wajita, na Wasukuma wengi tu, L na R kwetu ni mapacha: ukimwita mmoja wanaitika wote wawili, na anayefika mbele ndiye huyo huyo. Furaha ni fulaha, habari ni habali, na halafu ghafla lala inakuwa rara. Mjomba wangu kule Nansio wakati wa uchaguzi alitangazia ukoo kwamba twende wote tukapige kula, na wadogo zangu walibeba sahani. Nyumbani hakuna anayejali. Lakini Madam alijali kuliko kitu kingine chochote duniani. Angeweza kukusamehe kuchelewa, angekusamehe hata kuimba puani bila wadudu, lakini ukimwimbia "fulaha" alishusha mikono, akafumba macho, akasubiri kama mtu aliyekanyagwa kidole.

Sababu aliitoa mwenyewe siku moja, tukiwa tumekaa sakafuni. Kwao ni upande wa Mara, ng'ambo ya ziwa, kwa hiyo ulimi wake na wangu ni majirani. Alipofika Italia mara ya kwanza kujaribiwa, alisimama mbele ya mabwana watatu wenye miwani akaimba wimbo wa mapenzi, na neno la mapenzi kule ni amore. Yeye, kwa moyo wake wote, akaimba amole. Mara ya kwanza mabwana walitazamana. Mara ya pili mmoja alitoa kitambaa akajifanya anafuta miwani. Wimbo wenyewe, bahati mbaya, ulikuwa na neno hilo kila mstari.

"Walikuchukua, Madam?" Deo akauliza.

"Walinipa maji, wakanishukuru kwa kuja."

Kwa hiyo alijifunza R kama mtu anavyojifunza kuogelea baada ya kuzama. Alifanya mazoezi kwenye treni, rrrr, rrrr, mpaka abiria wakahama viti. Na sisi alitufundisha hivyo hivyo: tunasimama kwenye mstari, tunawasha pikipiki kwa ulimi, rrrrr, halafu tunazima kwa L, laaa. Wenzangu wengi walifaulu. Mimi pikipiki yangu iliwaka vizuri tu, ila ilikataa kuzima pale nilipotaka. Deo alikuwa haniachi.

"Steshenari, jana ulirara saa ngapi?"

"Nililala mapema."

"Aaa! Leo imezima! Madam, imezima!"

"Deo," Madam akasema, "imba ya kwako."

Pamoja na ulimi huo, alinipa mimi kuanzisha wimbo mkubwa. Sijui kwa nini, hakueleza. Ulikuwa uimbwe jioni ya mahafali, mbele ya wazazi na wageni, na unaanza na mtu mmoja, bila kinanda, bila kwaya, peke yake kwenye ukumbi kimya: "Mahali pangu ni hapa, penye mawe na maji." Mwenyewe unaona mtego ulipo. Ulimi ukiteleza kidogo tu, mahali panageuka mahari, na badala ya kuimba kuhusu kwenu unasimama mbele ya wazazi wa watu unadai ng'ombe.

Nilifanya mazoezi dukani, njiani, nikiosha vyombo. Ukiniuliza taratibu nilisema mahali bila shida. Nikiimba, na hasa nikiimba kwa hisia, ilikuja mahari. Kadiri nilivyoupenda wimbo ndivyo nilivyoukosea.

Jioni moja tulipokuwa tunapanga viti, mzee mmoja wa kamati ya mahafali, mtu mzuri tu, mwenye suti, alimvuta Madam pembeni. Hakujua kwamba niko nyuma ya pazia na viti vyangu.

"Madam, yule binti anayeanzisha. Anasema mahari."

"Nimesikia."

"Tuna vijana hapa wanasomea Kiswahili, shahada kabisa. Na yule si hata mwanafunzi wetu. Wageni watatuelewaje?"

Nilisubiri ile sauti ya Kiseke, ile ya kugeuza pikipiki. Haikuja. Madam alisema tu, "Nitalitazama."

Nililia njia nzima, kilio kidogo cha kufuta kwa kanga. Nilijiambia ndilo jibu langu hilo, nililolitafuta muda wote. Mtu akiwa na sauti, mwalimu wake hasemi nitalitazama.

Kesho yake asubuhi akaja dukani. Akaweka karatasi moja ya nota juu ya meza, akasema anataka nakala za kwaya nzima, akasimama mlangoni anatazama barabara. Nikaweka karatasi kwenye mashine. Mwanga ulipopita chini ya kioo nikasoma maneno: "Kwetu ni huku, kwenye mawe na maji. Hapa nimekuja, hapa nimeketi." Nilidhani ni wimbo mpya. Nikasoma tena, nikimumunya kwa mdomo, nikaona unavyoteleza bila kukwama popote, kama kushuka jiwe lililolowa. Ndipo nikaanza kutafuta, mstari kwa mstari. Kwenye ubeti wangu wote hapakuwa na L hata moja. Hapakuwa na R hata moja.

Alikuwa amekaa usiku, mwanamke yule wa pikipiki za ulimi, akachambua Kiswahili kizima kama mchele, akatoa changarawe zangu zote.

Sikujua nifurahi au nikasirike, kwa hiyo nilifanya vyote. "Madam," nikasema, "umenitolea herufi."

"Nimekutolea."

"Wewe kule Italia nani alikutolea?"

"Mtunzi alikuwa amekufa zamani, ningemwomba nani? Wewe mtunzi wako yuko hai, anakaa Kiseke, anabadilisha akitaka."

"Naomba unirudishie."

Akageuka. "Ukikosea?"

"Nitakosea kwa sauti kubwa, Madam. Mtu wa kiti cha mwisho atasikia."

Hapo akacheka, kicheko cha chini, cha wachawi wake wote kwa pamoja. "Haya. Toa nakala za zote mbili. Utaamua mwenyewe ukishasimama. Mimi nitafuata."

Jioni ya mahafali ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Wazazi wa Magu, wa Sengerema, wa Musoma, mama zangu wadogo wawili waliovuka na kivuko kutoka Nansio na kapu la machungwa. Madam akanyoosha kidole chake kimoja kwangu. Nikavuta pumzi mpaka pale unga unapokaa. Nikaamua. Nikafungua mdomo kwa hisia zote nilizokuwa nazo, nikaimba kwa sauti iliyofika ukuta wa nyuma na kurudi:

"Mahari pangu ni hapa..."

Halafu kutoka nyuma kabisa, mama mmoja wa kijijini, kwa nia njema, akauliza kwa sauti:

"Ng'ombe wangapi?"

Ukumbi ulipasuka. Watu walipiga magoti yao, walipigana mabega, mtu alipiga vigelele. Yule mzee wa kamati alitazama dari. Mimi nilimtazama Madam, kwa sababu sikuwa na mahali pengine pa kutazama. Alikuwa ameupa ukumbi mgongo, mgongo ulionyooka kama wa malkia, hakuna aliyejua. Lakini sisi tuliokuwa mbele yake tuliona machozi yanamtiririka mpaka kidevuni. Alikuwa anacheka mpaka hawezi kupumua, yeye, mwalimu wa pumzi.

Hakunipa alama ya kuhamia ule ubeti mwingine. Aliinua mkono mmoja, akauacha juu. Akauacha hapo. Kicheko kikapungua safu kwa safu, kikafika mwisho, na ukumbi ukawa kimya kuliko mwanzo. Kisha kidole kile kile, kwangu.

"Mahali pangu ni hapa, penye mawe na maji."

L ilikaa. Yule mama wa nyuma alisema, "Eee!" kama mtu aliyerudishiwa jibu, na kwaya ikaingia.

Baadaye watu walikuja kunishika mikono. Mzee wa kamati alimwambia kila mtu kwamba ule utani wa mahari ulipangwa, na kwamba wazo lilitoka kwenye kamati. Madam alinikuta nakunywa maji. "Pumzi ya mstari wa pili ilikatika," akasema, akapita.

Alistaafu si muda mrefu baada ya hapo. Magoti yalikuwa yanamsumbua, na ngazi za ule ukumbi ni nyingi. Mimi nilianza kuimba kwenye harusi siku za Jumamosi, pesa ya vocha na nauli ya Nansio, siku nyingine nikiendelea na nakala zangu. Mwezi uliopita kiongozi wa bendi moja ya hapa mjini, inayopiga kwenye kumbi na hoteli, akaniambia niache duka nijiunge nao moja kwa moja, nimpe jibu kabla ya wikendi. Sikulala. Nikaenda soko la Kirumba, nikanunua sato, nikapanda Kiseke.

"Shikamoo, Madam."

"Marahaba. Huyo samaki ana macho mazuri kuliko yako. Ingia."

Akanipeleka jikoni moja kwa moja, akakaa kwenye kigoda, akaanza kumparua sato mwenyewe. Nikamweleza habari za bendi. Nikamwambia, kama sauti sina nibaki na mashine yangu, sitalaumu mtu, lakini safari hii aniambie.

Akaendelea kuparua. Magamba yalikuwa yanaruka mpaka kwenye mikono yangu.

"Ya opera huna," akasema.

"Sawa, Madam."

"Hukuwahi kuwa nayo. Okestra ingekumeza kabla ya mstari wa pili. Nilijua tangu mwanzo."

"Sawa."

"Usiseme sawa kabla sijamaliza. Ile harusi ya mpwa wa jirani yangu hapa, nilikuwepo. Nilikaa nyuma, kwenye kona ya spika, hukuniona. Walikuwa wamegawa pilau." Akanyanyua kisu. "Mimi huko watu walilipa, wakakaa gizani, wakakatazwa hata kukohoa. Nani asingenisikiliza? Wewe ulisimama mbele ya watu wenye njaa na pilau la moto. Meza ya akina baba iliweka vijiko chini. Nimeimba miaka yote ile, sijawahi kumtenganisha mtu na kijiko." Akamgeuza samaki. "Sauti unayo. Ni ya aina hiyo."

Nikaanza kulia, si kwa kanga safari hii, kwa wazi kabisa.

"Mbona hukuniambia siku zote?"

"Ungeacha kuja kuuliza. Shika kitunguu hiki. Kama ni kulia, lia kwa kazi."

Nikakata kitunguu. Nilipomaliza nikapiga simu ya bendi palepale, mikono inanuka, nikasema nakuja. Kiongozi akafurahi, akaanza kunitajia siku za mazoezi.

"Jumatano hayupo!" Madam akanguruma kutoka kwenye kigoda, bila hata kuinua kichwa. "Jumatano yuko hapa! Ule wimbo wa pili wa ile harusi aliuanza juu mno!"

Kiongozi akaacha kutaja siku.

"Nani huyo?" kiongozi akauliza.

"Mwalimu wangu."

"Mh! Huyo mama ana bendi?"